Mbu anatua kwenye chandarua na kuruka zake: je, chandarua bado kinakinga malaria?

Swali: "Shikamoo daktari. Naandika kutoka Sengerema. Vyandarua vyetu tuligawiwa miaka miwili na nusu iliyopita, lebo inasema deltamethrin. Siku hizi mbu wanatua juu yake, wanatembea, kisha wanaruka zao wakiwa wazima. Mwanangu wa miaka sita amekutwa na malaria mara mbili ndani ya wiki tano. Mume wangu analima nyanya, anasema tuvichovye kwenye dawa ya nyanya vipate nguvu upya. Binti yangu ni mjamzito, kliniki wamempa chandarua kilichoandikwa Interceptor G2. Tofauti yake ni nini, na nani akilalie? Hivi vya zamani nivitupe?"

Marahaba, mama. Nianze na jibu lenyewe usije ukasubiri: leo usiku laleni ndani ya hivyo hivyo vya zamani. Msivichovye kwenye dawa ya nyanya, hata kidogo. Na kile cha binti yako si chandarua cha kawaida kilichobadilishwa jina. Kimetengenezwa kwa ajili ya mbu wa namna hiyo mnaowaona. Kila moja kati ya hayo matatu lina sababu yake.

Chandarua chenye dawa kinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya ukuta: wavu umesimama kati ya ngozi yako na mdomo wa mbu. Ya pili ni ya mtego. Wewe uliyelala ndani ndiwe chambo. Pumzi na joto la mwili wako vinamwita mbu, anakuja, anagusa nyuzi, anakufa. Kazi hii ya pili ndiyo iliyovipa vyandarua sifa, kwa sababu mbu aliyefia kwenye chandarua chako hamfikii tena jirani asiye nacho. Jaribio lililofanyika Kilifi, Kenya, miaka ya 1990 lilikuta vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vimepungua kwa theluthi moja. Lakini mbu wa wakati ule alikuwa akigusa dawa anaanguka.

Usugu, yaani mbu kuizoea dawa hata isimuue tena, unaila kazi ya pili. Ya kwanza hauigusi: mbu sugu hana meno ya kutoboa wavu. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Benin, Kameruni, India, Kenya na Sudan, na jibu lilikuwa kwamba waliolala ndani ya vyandarua waliugua kidogo kuliko wasiolala ndani, hata pale ambapo mbu walikuwa sugu. Kwa hiyo atakayekwambia chandarua cha zamani ni pazia tu, mwambie hata pazia zima ni bora kuliko kulala wazi. Neno la kushika hapo ni "zima", na nitalirudia mbele, kwa kuwa usugu umefanya tundu moja liwe na gharama kubwa kuliko zamani.

Sasa dawa yenyewe. Deltamethrini iliyo kwenye vyandarua vyenu ni ya jamii ya pareto. Si lile ua linalolimwa Mafinga au Molo, bali kemikali za kiwandani zilizoiga nguvu ya ua hilo. Ndugu zake ni pemethrini na alfasaipamethrini, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo jamii pekee iliyowekwa kwenye vyandarua, kwa kuwa inamwangusha mdudu upesi na kwa kiwango cha chandarua haimdhuru anayelala. Tabu ni kwamba jamii hiyo hiyo imo kwenye kopo la dawa ya kupuliza chumbani, kwenye dawa ya mbu ya kuchoma, kwenye josho la ng'ombe, na kwenye bomba la mgongoni linalopulizia pamba na nyanya. Viluwiluwi wa mbu wanaokulia kwenye dimbwi la pembeni mwa shamba huonja dawa kabla hata hawajaota mabawa. Dhaifu wanakufa, wenye uwezo wa kuihimili wanabaki na kuzaa. Ongeza vyandarua vyenyewe, mamilioni kwa mamilioni, vyote vikiwa na jamii moja ya dawa, na huna haja ya kutafuta mchawi.

Mbu anaihimili dawa kwa njia kuu mbili, na ukizielewa utaelewa pia kwa nini vyandarua vipya viko vya aina tofauti. Dawa za jamii ya pareto hufanya kazi kwenye mishipa ya fahamu ya mdudu: zinashikilia wazi kijilango ambacho kwa kawaida hufunguka na kufunga kwa kufumba na kufumbua, mshipa unapiga bila kupumzika, mbu anatetemeka na kuanguka. Njia ya kwanza ya usugu ni kijilango chenyewe kubadilika umbo kidogo, dawa ikija haipati pa kushika. Njia ya pili ni tumboni na mwilini mwa mbu: anatengeneza kwa wingi vimeng'enya vinavyoikatakata dawa kabla haijafika kwenye mshipa. Mbu aina ya Anopheles funestus, ambaye katika sehemu nyingi za Tanzania ndiye anayebeba mzigo mkubwa wa kuambukiza malaria, ni bingwa wa njia hii ya pili.

Wataalamu hawapimi usugu kwa kuangalia mbu aliyetua kwenye chandarua. Wanachukua mbu majike 20 hadi 25, wanawatia kwenye mrija wenye karatasi iliyolowekwa deltamethrini ya asilimia 0.05, wanawaacha humo saa moja, kisha wanawahamishia kwenye mrija safi wenye pamba ya maji ya sukari na kuwahesabu baada ya saa 24. Wakifa asilimia 98 au zaidi, dawa bado inawaweza. Wakifa chini ya asilimia 90, ni sugu. Halafu wanaongeza dawa mara tano, mara kumi, kuona usugu una kina gani. Hivyo ndivyo inavyojulikana kwamba Kanda ya Ziwa mbu ni sugu kweli, hilo hamkuliota.

Ila hao mnaowaona wakitembea juu ya chandarua huenda hata si wa malaria. Mbu wengi wanaolia masikioni, hasa karibu na vyoo vya shimo na mitaro ya maji machafu, ni wa jamii ya kuleksi. Wanakera, wanaweza kueneza matende, lakini malaria hawabebi, na walizizoea dawa za jamii ya pareto kitambo. Chukua tochi umtazame anapotua ukutani. Kuleksi hulala sambamba na ukuta, mgongo umepinda kidogo kama kibiongo. Anofelesi, huyu wa malaria, huinamisha kichwa na kuinua makalio, mwili mzima umenyooka mshazari kama msumari uliopigwa vibaya. Funestus ni mdogo, mweusi, na hana kelele. Huuma zaidi kuanzia usiku mkubwa kuelekea alfajiri, wakati ninyi mmelala fofofo. Kwa hiyo anayewaudhi saa mbili usiku na anayewaambukiza saa tisa usiku wanaweza kuwa wawili tofauti.

Kunguni nao wameharibu sifa ya vyandarua. Vilipoingia mara ya kwanza, kunguni walikufa na watu wakafurahi. Kunguni wakawa sugu, watu wakasema dawa imeisha. Kunguni hawabebi malaria. Wasikufanye uache chandarua.

Nije kwenye tofauti ya vyandarua. Kwa ufupi ziko aina nne sokoni na kwenye mgao, na aina hujulikana kwa kilichoandikwa kwenye lebo iliyoshonewa pembeni, si kwa rangi wala umbo.

Aina ya kwanza ina dawa ya jamii ya pareto peke yake, kama vyenu. Aina ya pili ina dawa hiyo pamoja na PBO. Mfano ni Olyset Plus na PermaNet 3.0. PBO yenyewe haiui mbu. Kazi yake ni kuvifunga mikono vile vimeng'enya vinavyokatakata dawa, dawa ipite. Huko Muleba, mkoani Kagera, chandarua cha PBO kilishindanishwa na cha kawaida kuanzia mwaka 2015. Baada ya miezi 9, watoto waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 29 kwa waliopewa cha PBO na asilimia 42 kwa waliopewa cha kawaida. Baada ya miezi 21, asilimia 45 dhidi ya 62. Utaona faida ni ya kweli, lakini malaria haikwenda popote. Jaribio hilo hilo liliangalia pia upuliziaji wa dawa ukoko majumbani, na likakuta kwamba penye vyandarua vya PBO, kuongeza dawa ukoko hakukuleta nafuu ya ziada. Udhaifu wa PBO ni kwamba inafifia mapema kuliko dawa inayoisindikiza.

Aina ya tatu, Royal Guard, ina dawa ya jamii ya pareto pamoja na piriproksifeni, inayomfanya mbu jike ashindwe kuzaa. Wazo zuri, ila katika majaribio ya vijijini matokeo yake hayakuwa ya kusisimua.

Aina ya nne ndiyo ya binti yako. Interceptor G2 ina alfasaipamethrini miligramu 100 na klofenapiri miligramu 200 katika kila mita ya mraba. Klofenapiri haina habari na mishipa ya fahamu. Inaingia mwilini mwa mbu ikiwa haijakamilika, haina ukali. Vimeng'enya vya mbu mwenyewe ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu, na sumu hiyo inazima vinu vya nguvu vilivyomo ndani ya kila chembe ya mwili wake. Anaishiwa nguvu, anakufa. Na vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo ni vya kundi lile lile linalomkinga dhidi ya pareto. Silaha aliyoinoa kwa ajili ya dawa ya zamani ndiyo inayomchinja kwenye dawa mpya.

Ushahidi wake umetoka jirani kwenu kabisa, wilaya ya Misungwi. Mwaka 2019 maeneo 84 yaligawiwa aina hizo nne za vyandarua, kila eneo aina yake, na watoto wa miezi 6 hadi miaka 14 wakapimwa kwa vipindi. Miezi 24 baadaye, walio na vimelea walikuwa asilimia 45.8 kwenye chandarua cha kawaida, 40.7 kwenye PBO, 37.5 kwenye piriproksifeni, na 25.6 kwenye klofenapiri. Nenda ukayahesabu kwa watoto mia wa kijiji kimoja: karibu ishirini zaidi hawana malaria, kwa sababu ya kilichopakwa kwenye uzi. Jaribio kama hilo lilifanyika Benin na likaonyesha mwelekeo huo huo, na Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo zito kwamba penye mbu sugu vyandarua vya klofenapiri vitangulizwe mbele ya vile vya pareto peke yake.

Hapo lazima nikutahadharishe na jambo moja litakalokuchanganya. Klofenapiri haiangushi mbu papo hapo. Mbu atatua kwenye chandarua kipya cha binti yako, atatembea, ataruka, na utasema "hiki nacho hakina kitu". Anaweza kuchukua mpaka siku tatu kufa, akafia huko nje usikomwona. Je, kuchelewa huko si hatari? Hesabu ni hii. Mbu akinyonya vimelea leo, vinahitaji siku kumi hivi au zaidi kukomaa ndani yake kabla hajaweza kumwambukiza mtu, na katika siku hizo hurudi kutafuta damu kila baada ya siku mbili au tatu. Yaani kabla hajawa wa hatari ameshapaswa kupita kwenye vyandarua mara tatu, nne. Kikimnasa chandarua kimoja katika hivyo, akafa siku ya tatu, biashara imekwisha. Ndiyo maana nasema kutazama mbu kwa macho si kipimo cha chandarua.

Turudi kwenye vyandarua vyenu na lile neno "zima". Zamani mbu aliyefika kwenye chandarua chenye matundu alihangaika juu ya wavu akitafuta njia, na katika kuhangaika huko dawa ilimuua kabla hajalipata tundu. Mbu sugu anao muda. Anaweza kulitafuta kwa utulivu. Na anapotafutia zaidi ni juu, kwenye paa la chandarua, kwa kuwa pumzi na joto la mtu aliyelala vinapanda. Tundu la paa, ambalo watu hulidharau kwa vile halionekani, ni mlango mkubwa.

Kesho mchana kitandaze chandarua kwenye mwanga na uhesabu. Wataalamu hutumia vipimo vya mwilini: tundu dogo kuliko kidole gumba lina alama 1, linalopitisha kidole gumba lakini si ngumi, alama 23, linalopitisha ngumi lakini si kichwa, alama 196, linalopitisha kichwa, alama 576. Jumlisha. Ikiwa ni 64 au pungufu, chandarua ni kizuri. Kati ya 65 na 642 bado kinafaa, shona. Zaidi ya 642 kimekwisha kama ukuta, kitafutiwe mrithi. Ona jinsi alama zinavyoruka: matundu kumi madogo kuliko kidole gumba ni alama 10, lakini tundu moja lililounguzwa na kibatari kiasi cha kupita ngumi ni 196 peke yake. Kwa hiyo anza kushona makubwa. Uzi wa kawaida na sindano vinatosha. Tundu dogo unaweza kulikusanya na kulifunga fundo. Kubwa weka kiraka cha kipande cha chandarua kilichokufa. Usijali kwamba uzi hauna dawa. Hapo unajenga ukuta.

Angalia pia matundu yanatoka wapi, maana ukishona bila kuondoa chanzo utashona kila mwezi. Mara nyingi ni msumari wa kitanda, fito zenye ncha, panya wanaofuata makombo, moto wa kibatari au mshumaa, na kule kuvuta chandarua kilichochomekwa kwenye banzi la kitanda. Asubuhi kifunge fundo na kukining'iniza juu, mbali na watoto wanaocheza kitandani. Ila msikifungue mapema mno. Mbu wengine huendelea kuuma hadi kunapambazuka.

Jambo lingine ambalo usugu umelibadilisha: kuegemea wavu. Mbu mwenye muda anaweza kusimama nje ya chandarua na kumnyonya mtoto aliyebana mkono au goti kwenye wavu. Watoto watatu kwenye kitanda cha futi tatu na nusu lazima mmoja alale amegusa. Chandarua kiwe kipana kuliko kitanda, kamba nne zivutwe zikaze ili kuta zisimame wima, na chini kichomekwe pande zote chini ya godoro au mkeka. Kwa anayelala pembeni, weka nguo au kanga iliyokunjwa kati yake na wavu.

Kufua. Vyandarua hivi vimetengenezwa vihimili kufuliwa mara 20 hivi katika umri wa miaka mitatu. Ukifua kila baada ya miezi mitatu, ni mara 12, uko salama. Ukifua kila Jumamosi, ndani ya miezi mitano umemaliza akiba yote, na hapo si mbu sugu, ni beseni lililokuponza. Tumia maji ya baridi na sabuni ya mche. Sabuni ya unga na jiki vinakwangua dawa. Usikiloweke, usikisugue kwa mawe, fua kwa upole na kusuuza, kisha kianike kivulini, kwa kuwa jua kali huvunja dawa. Maji ya kufulia yamwage chooni au kwenye shimo mbali na kisima na mto: dawa hizi, kidogo tu, zinaua samaki. Kipya kinapofunguliwa, kitundike kivulini saa 24 kabla ya kukilalia. Wanaokilalia siku hiyo hiyo hupiga chafya na kuwashwa usoni, wakakichukia bure.

Nasema hapa kwa msisitizo kuhusu dawa ya nyanya, na mumeo asome. Kwanza haina faida: viuatilifu vingi vya nyanya na pamba ni vya jamii ile ile ya pareto ambayo mbu wenu wameshaizoea. Pili, vingine vimechanganywa na sumu za jamii ya profenofosi na klopirifosi, ambazo hupita kwenye ngozi na kwenye pumzi. Mtoto anayelala kwa muda wa saa tisa ndani ya wavu wenye sumu hiyo anaweza kuanza kutoka mate mengi na jasho, mboni za macho kuwa ndogo kama kichwa cha pini, kutapika, kifua kujaa na kupumua kwa shida. Hiyo ni dharura ya hospitali. Tatu, wapo wenye akili nyingi watakaosema basi tutafute klofenapiri yenyewe, kwa kuwa inauzwa pia kama dawa ya mazao, hata dhidi ya kanitangaze wa nyanya. Msithubutu. Kwenye chandarua kiwango ni kidogo mno na kimeshikizwa kwenye uzi kiwandani. Ile ya chupani ikimezwa inaua mtu taratibu: siku za kwanza anaonekana nafuu, baadaye joto la mwili linapanda bila kushikika, na haina dawa ya kuizimua. Zile paketi za kuchovya vyandarua zilizotumika zamani zilikuwa zimepimwa kwa ajili hiyo. Msizilinganishe na chupa ya duka la pembejeo.

Sasa mwanao. Kupata malaria mara mbili ndani ya wiki tano si lazima iwe chandarua kimeshindwa mara mbili. Kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni kinatafuta protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyepona malaria anaweza kupata homa ya mafua baada ya mwezi, akapimwa, kipimo kikasema malaria. Akipata homa tena, mpeleke mara moja bila kusubiri, lakini mwambie mhudumu alitibiwa lini, na penye darubini omba aangaliwe kwa darubini. Kagua pia kama dozi ya kwanza ilikwisha. Dawa mseto ya ALu ni dozi sita kwa siku tatu: ya kwanza, ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo. Wengi huacha siku ya pili homa inapokata, na vimelea vilivyobaki hurudi.

Halafu jiulize anashinda wapi kati ya saa moja jioni na saa ya kulala. Anopheles arabiensis, ndugu mwingine wa mbu wa malaria, hupenda ng'ombe na huuma pia nje mapema, kwa hiyo mtoto anayekaa jikoni uani mpaka saa nne ameshaumwa kabla chandarua hakijapata zamu yake. Nguo ndefu jioni, na kulala mapema. Kama nyumba yenu ina uwazi kati ya ukuta na bati, huo ndio mlango mkuu wa mbu wa malaria. Kuuziba kwa wavu wa waya huzuia mbu na kuacha hewa ipite. Ukiziba kwa udongo kabisa, hakikisha madirisha yenye wavu yapo, la sivyo joto litawafukuza kwenye chandarua.

Nani alalie kipya? Binti yako. Alipewa kwa ajili ya ujauzito wake: mimba huteremsha kinga dhidi ya malaria, na vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma hata bila homa, mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Asimpishe mtu, na aendelee kumeza SP, vidonge vya kuwakinga wajawazito na malaria, kliniki kama anavyoelekezwa. Kama kitanda kina nafasi, alale na mtoto mdogo zaidi wa nyumba. Mwanao wa miaka sita apewe kile cha zamani chenye alama ndogo zaidi za matundu, si kile kilichobaki baada ya wakubwa kuchagua. Nasema hivyo kwa kuwa watoto wa umri wa shule ndio mara nyingi wanaokutwa na vimelea wengi na ndio wanaokosa vyandarua zaidi. Kama mkoa wenu una mgao wa vyandarua shuleni, hakikisha chake kinafika nyumbani na hakikai kabatini. Mtoto anayefikisha miezi tisa naye hupewa kwenye chanjo ya surua. Usiikose zamu hiyo. Ukilazimika kununua dukani, soma lebo kabla ya kulipa. Vipo vingi vyenye lesi nzuri ambavyo havina dawa kabisa, na anayetaka cha aina ya nne atafute neno chlorfenapyr, litakavyoandikwa hapo.

Vya zamani usivitupe mpaka kila mlalaji awe na kipya. Kikipita alama 642 na mrithi wake amepatikana, kikate viraka vya kushonea vingine, au wavu wa dirisha. Usikichome moto uani. Moshi wake si wa kuvutwa. Na kisiende ziwani. Najua Sengerema ni ya wavuvi na najua wavu mdogo unanasa hata vifaranga vya samaki, ndiyo ubaya wake, na dawa iliyosalia humo inaendelea kuua kilichobaki majini. Kisichofaa kwa lolote kizike mbali na kisima.